Msiba wa Kwanza wa Mjomba Yoramu

Mjomba Yoramu alipofariki mwezi uliopita, kazi ya kuwapigia watu simu nilipewa mimi. Hakuna aliyeuliza kama ninaiweza. Inajulikana tu kwamba Enesia yupo. Watu wakisafiri, harusi zikiisha, vikao vikivunjika kwa ugomvi, Enesia yupo, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anachambua kitu. Nilianza na ndugu wa mbali, wa Kitwe na Ndola huko Zambia, nikaja kwa wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, ambao ningeweza kuwaita kwa kupaza sauti kama malori yangezima injini kidogo, na mwisho kabisa nikampigia kaka yangu Aroni, ambaye anaishi Vwawa na ana gereji ya pikipiki. Nilimwacha mwisho makusudi. Nilimwambia. Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma, akagonga taratibu, akaacha. Halafu Aroni akauliza swali ambalo kwenye familia nyingine lingekuwa matusi.

"Ene, ni msiba wa kweli?"

"Wa kweli, kaka."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Nimemshika mkono."

"Haya," akasema. "Nakuja."

Waliokuwa karibu yangu walisikia, wakanitazama kama watu wanaongoja maelezo. Sikuwapa. Maelezo yake ni mwaka mzima, na simu zilikuwa bado nyingi. Ila nilipolala siku ile nilijikuta nacheka peke yangu, nikiwa na macho yaliyovimba kwa kulia, nikaona bora niuandike mwaka ule kabla sijaanza kuusahau na kuupamba.

Ukoo wetu sitausimulia. Ukianza kuusimulia unavuka mpaka, unaingia Zambia, unarudi na mabegi, na msomaji anabaki kwenye foleni. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumshtua mtu, na kwamba mimi na Aroni tuliishi hapa Tunduma kwa Shangazi Feri, dada wa baba yetu. Nyumba ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu. Malori yakisogea kwenye foleni ya mpaka, glasi za kabatini zilikuwa zinagongana taratibu, na mgeni akishtuka Shangazi alikuwa anamwambia, "Hizo zinakusalimia." Yeye alikuwa akiuza vitenge, asubuhi upande huu, mchana upande ule, na wateja wa Nakonde walimwita ba Feri kwa heshima kubwa kuliko tuliyompa sisi. Mimi nilikaa nyumbani. Nilipika, nilifua, nilijua mlango upi unalia na upi umevimba kwa mvua. Aroni aliniita Kufuli. "Mkitaka kujua kama nyumba imefungwa," alikuwa akiwaambia rafiki zake, "angalieni kama Kufuli yupo."

Aroni alikuwa utingo kwenye malori ya masafa. Alikuwa mtu wa kelele, mwenye kurudi na zawadi za ajabu, mara pilipili za kopo, mara redio isiyokamata hata kituo kimoja. Mwaka ule, mvua za Januari zikiwa zimegeuza mtaa wetu kuwa uji, alirudi amekonda, ananyamaza, anajikuna. Shangazi akasema ni malaria. Tulimpa dawa za malaria mara nyingi hivi kwamba nadhani mbu wa mtaa wetu walianza kumkwepa. Alikuwa anakaa kwenye kochi, kichwa kinashuka taratibu mpaka kidevu kinagusa kifua, kisha anainuka ghafla na kusema, "Nakusikia," wakati hakuna aliyekuwa akiongea. Siku nyingine alikuwa anatetemeka na kutoka kamasi, amejikunja kama mtoto, na akitoka nje kidogo anarudi amepona. Malaria gani inaponea nje? Halafu vyombo vikaanza kusafiri. Ilikwenda sufuria ya pilau, ikafuata pasi, ikafuata deli la maji. Mimi sikuwa nimewahi kufika hata Mbeya, na sufuria zangu nadhani zilikuwa zimeshafika Kapiri Mposhi, Zambia ndani kabisa.

Neno lenyewe, unga, lilisemwa nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza na Shangazi, na alilisema kwenye simu. Shangazi aliamini simu ikikaa karibu na sikio inaunguza ubongo, kwa hiyo alikuwa anaiweka mezani, anaifungulia sauti yote, kisha anainong'oneza siri zake. Nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Alikuwa akiongea na Mjomba Yoramu, kaka wa mama yetu, aliyekuwa na shamba lake la kahawa kule Ihanda. Asubuhi ile kijana mmoja, yule aliyekuwa anakuja kumpigia Aroni mluzi dirishani, alikutwa amekufa kwenye maegesho ya malori, ameketi ameegemea tairi kama anayesubiri safari.

"Ni unga, Yoramu," Shangazi alinong'ona. "Na wetu anatumia huohuo."

"Mlete huku achume kahawa," simu ikapiga kelele. Mjomba alikuwa anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Na akiiuza kahawa yako?"

"Basi usimlete."

"Kuna nyumba wanazopelekwa. Wanakaa huko mpaka wanaacha. Sasa zipo nzuri na zipo za kuua. Nitajuaje?"

"Tuma mtu akaangalie. Wewe ungeoza binti bila kumtuma mtu kuangalia ile nyumba?"

Dagaa wangu waliungua. Kwetu huku, kabla binti hajaolewa, hutumwa mtu mzima mwenye macho akatembee kwenye ile familia kama mgeni wa kawaida. Anaomba maji ya kunywa ili aone mtungi, anaomba kwenda chooni ili aone choo, anamsaidia mwenyeji kuchambua mboga ili asikie watu wa nyumba ile wanavyosemeshana. Akirudi, neno lake ndilo neno. Nilidhani Shangazi atakwenda mwenyewe. Badala yake aliingia jikoni, akatazama dagaa, akanitazama mimi.

"Utakwenda wewe," akasema.

"Shangazi, mimi sijui hata stendi."

"Stendi utaonyeshwa. Ila nyumba, nani anajua nyumba kuliko wewe? Umekaa ndani ya nyumba maisha yako yote."

Nilitaka kukasirika, lakini ilikuwa kweli. Kwa hiyo nilipanda basi la Mbeya nikiwa nimevaa gauni la kanisani na mfuko wa plastiki mkononi, nikatapika Vwawa, nikatapika tena Mlowo, kila mji na fungu lake, na nilipofika nilikuwa mwepesi kabisa, tayari kwa ukaguzi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na geti jekundu, vigae mpaka ukutani, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na picha kubwa za vijana wanaocheka. Mkurugenzi alivaa tai. Alinipa soda, akaniambia kaka yangu atarudi mpya kabisa, kwamba pale hakuna aliyewahi kushindwa. Nilivutiwa, siwezi kukataa. Sijawahi kukalia kochi laini kama lile. Lakini nilikuwa nimetumwa, kwa hiyo nikaomba kuona jiko. Akasema jiko liko kwenye matengenezo. Nikaomba choo. Hapo hakuweza kukataa. Njia ya chooni ilipita kwenye korido yenye milango, na kwenye kila mlango komeo lilikuwa nje. Nilisimama. Mimi komeo nalijua. Komeo la nje ni la stoo, la banda la kuku, la kitu kisichotakiwa kutoka. Nyuma ya mlango mmoja sauti ikasema kwa upole sana, kama ya mtu anayeomba chumvi, "Dada. Samahani. Leo siku gani?"

"Jumatano," nikasema.

"Asante, dada."

Nilirudi sebuleni, nikaacha soda nusu, jambo ambalo sijawahi kufanya kabla wala baada ya hapo. Niliuliza kama vijana wanaruhusiwa kuongea na ndugu zao. Mkurugenzi akasema ndugu ndio wanaowaharibu.

Kesho yake nilikwenda hospitali, kwa sababu binamu wa pale Mbeya aliyenipa mahali pa kulala alinieleza kuna kliniki inayotoa methadoni. Muuguzi alinikalisha kwenye benchi na kunieleza bila kunificha kitu. Dawa ile inashusha arosto, yaani kule kutetemeka na maumivu yanayompata mtumiaji akikosa, na inasaidia watu wengi kuishi na kufanya kazi zao. Lakini mtu anakuja kuinywa pale pale, kila siku. Akaniuliza tunakaa wapi. Nilipomjibu Tunduma, nikapata picha ya Aroni akipanda basi kila asubuhi, akipita maegesho yale yale ya malori kwenda na kurudi. Na kulala Mbeya isingewezekana, maana yule binamu alikuwa ameshaniuliza mara mbili ninaondoka lini. Muuguzi akasema, "Mkipata nyumba ya kukaa, angalia kitu kimoja. Angalia kama watampitisha hospitali kwanza. Wakikwambia hospitali haina kazi, ondoka." Akanitajia moja iliyokuwa njia ya kwenda Mbozi Mission, katikati ya mashamba ya kahawa, na kunionya kwamba haina vigae.

Kweli haikuwa navyo. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma iliyowahi kuwa ghala, na ubaridi wa milima ile ulikuwa unapita chini ya mlango bila hodi. Nilipokelewa na moshi. Sikuhitaji kuomba kuona jiko kwa sababu watu wote walikuwa humo, vijana kama kumi na wazee wawili watatu, wanamenya viazi. Mmoja wao alikuwa akiimba vibaya kwa makusudi na wengine wakimtupia maganda. Nilimuuliza mkuu wa nyumba yuko wapi, na aliyekuwa anaimba akafuta mikono kwenye suruali. Aliitwa Gwamaka. Alikuwa ametumia unga miaka mingi Dar es Salaam, alinieleza hivyo kabla sijakaa, kama mtu anayekutajia kijiji chake. Akanisogezea kisu. Nikamenya viazi vyao huku nikiwasikiliza wanavyosemeshana. Walitaniana vikali. Mmoja alikuwa mgonjwa bado, amejifunga blanketi karibu na moto, na kila aliyepita alimgusa bega bila kusema kitu.

"Hapa kuna walioshindwa?" nilimuuliza Gwamaka.

"Wengi. Huyo mwenye blanketi ni mara yake ya tatu. Wanaondoka, wanaanguka, wanarudi. Tunawafungulia."

"Na hospitali?"

"Kabla ya kulala hapa hata usiku mmoja. Wengine wanakuja na kifua kikuu, na hawajui."

Nilikwenda kutazama milango. Makomeo yalikuwa ndani. Nililifunga moja na kulifungua, kuhakikisha, na Gwamaka akanitazama bila kucheka. Chakula kilikuwa ugali, maharage na parachichi, nikala nikaongezwa, nikaongezwa tena. Wakati naaga ndipo aliponiambia sharti lake. Kaka yangu lazima akubali mwenyewe. Si kwa furaha, hakuna anayekuja kwa furaha, ila ajue anakokwenda na aseme ndiyo. "Aje kwa miguu yake," alisema, "hata kama anaiburuza. Wa kuletwa kwa kamba anaruka ukuta, na sisi ukuta hatuna."

Nilirudi nyumbani kifua mbele kama balozi. Shangazi alinisikiliza mpaka kwenye sharti, hapo akaweka kikombe chini. "Akubali? Aroni akubali? Wewe ulikwenda kukagua au kula maharage?" Nilimjibu kwamba nilifanya vyote. Kwa wiki kadhaa tulijaribu kumwambia. Kila Shangazi alipoanza, Aroni alisimama akatoka. Mimi nilijaribu mara moja, nikimpelekea chai. Nilisema, "Kaka, kuna nyumba moja..." naye akasema, "Kufuli, wewe umeona nyumba ngapi duniani?" Kisha akalala, au akajifanya amelala. Alikuwa anakonda kiasi kwamba saa ya mkononi aliivaa juu ya kiwiko kabla nayo haijasafiri. Mluzi wa dirishani ukaanza tena, wa mtu mwingine.

Wazo la msiba lilikuwa la Shangazi, na mpaka leo analiita wazo zuri lililofanyiwa kazi vibaya. Alinieleza asubuhi ya baridi ya Julai, mimi nikipepeta mchele. Hapa kwetu mtu anaweza kukataa hospitali, kanisa, kikao cha familia, hata chakula, lakini msiba haukatai. Hata Aroni, na hali yake ile, alikuwa bado anakwenda misibani, anakaa na wanaume kwenye moto. Kwa hiyo tungemwambia kuna msiba Ihanda, tungempakia kwenye Noah ya kukodi, tungepita Ihanda bila kusimama, na tungefika kwa Gwamaka. "Akishafika," alisema Shangazi, "ataona viazi, ataona watu, atakubali." Nikauliza tunamuua nani. Akafikiria kidogo. "Yoramu," akasema. "Ana umri wake, na Aroni anampenda."

Tungefanya kimya kimya tungefanikiwa. Lakini Shangazi alitaka Aroni aamini, kwa hiyo alijifunga khanga kiunoni, akakaa chini sebuleni na kulia. Alilia kidogo tu, lakini Shangazi ana sauti ya sokoni. Kabla Aroni hajamaliza kuvaa viatu, Mama Zawadi, kiongozi wa kina mama kanisani kwetu na jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mlangoni na debe la unga wa ugali kichwani. Nyuma yake kulikuwa na wenzake watatu, mmoja na gunia la mkaa, mmoja na mafuta ya kula, mmoja na kitabu cha nyimbo.

"Pole, Feri," Mama Zawadi alisema, na kumkumbatia. "Pole sana. Gari lipo?"

Nilimwona Shangazi akitafuta neno. Hakuna neno. Katika lugha zote tunazozijua pale nyumbani, na tunazijua nyingi, hakuna sentensi ya kumwambia mama wa kanisa mwenye debe la unga kichwani kwamba msibani asije. "Lipo," akasema. Wakaingia kwenye Noah. Mkaa ukaingia. Mimi nilikaa katikati ya mafuta na kitabu cha nyimbo, na hata hatujafika Mpemba walikuwa wameshaanza kuimba, na dereva, ambaye hakuambiwa chochote, akawasha taa za mbele kama inavyostahili.

Aroni alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Nilipogeuka, alikuwa analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu utotoni. Alilia bila sauti, jasho likiwa limeshaanza kumtoka, kwa sababu tulimwahi kabla hajatoka nje asubuhi. "Alinitafuta juzi kwenye simu," aliniambia. "Mjomba. Sikupokea. Nilimwona anapiga, nikaiweka chini." Nikageuka mbele haraka.

Kupita Ihanda bila kusimama haikuwezekana tena. Mama Zawadi ndiye aliyemwelekeza dereva, maana Ihanda alizaliwa. Tuliingia uani kwa Mjomba Yoramu tukiimba. Kina mama walishuka wameshikana mikono, wakaanza kulia kwa utaratibu wao, na nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kahawa, akatokea mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na reki mkononi, amekasirika kwa sababu kuku walishtuka wakapanda juu ya kahawa yake.

"Nani kafa?" aliuliza Mjomba Yoramu.

Wimbo ulikwisha sauti moja moja, ya mwisho ikiwa ya mama mwenye mafuta, ambaye alikuwa amefumba macho. Mama Zawadi akamtazama Mjomba, akamtazama Shangazi. Shangazi akaitazama Noah, kama vile yenyewe ndiyo itajibu.

"Wewe," nikasema. Sijui kwa nini nilisema mimi.

Kisha nyuma yetu tukasikia kicheko. Aroni alikuwa ameshuka, ameshikilia mlango wa gari kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi, na machozi yalikuwa hayajakauka, na alikuwa anacheka, anacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tangu Januari sikuwa nimekisikia kicheko kile. Mjomba alimwendea, akamwinamia, na Aroni akaishika ile reki, kisha mkono, kisha akamshika usoni kwa viganja viwili kama anayekagua embe sokoni. "Yupo," alisema. "Huyu yupo."

Ilibidi kila kitu kisemwe. Shangazi alikisema palepale uani, mbele ya kina mama wote, unga, sufuria, kijana wa maegesho, nyumba ya kule juu. Alikuwa ameficha miezi yote ile, akisema ni malaria, akisema amevuka mpaka, na sasa aliongea kama gunia lililotoboka. Nilingoja aibu ianguke. Mama Zawadi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Feri, mimi nasali kwa ajili ya huyu mtoto tangu Februari. Ulidhani sisi hatuna macho?" Halafu akauliza sufuria kubwa iko wapi, maana unga umeshakuja na watu hawawezi kurudi na njaa.

Mjomba ndiye pekee aliyenuna. Alituhesabu. "Wote ni hawa?" alimwambia Shangazi. "Nimeishi Ihanda miaka yote hii, nimezika watu wa kila kitongoji, na msiba wangu unajaa Noah moja?"

"Ulikuwa wa haraka, Yoramu," Shangazi akamwambia.

"Hata haraka. Hata pikipiki moja ya kusindikiza."

Tulikula ugali wa msiba wake, yeye mwenyewe akiongezewa nyama kama mfiwa. Aroni hakula. Alikuwa amejikunja kwenye mkeka karibu na jiko, meno yanagongana, nami nikakaa kando yake kwa sababu jikoni ndiko ninakokaa. Aroni angeweza kuinuka pale akaenda barabarani na kupanda gari lolote la kurudi Tunduma. Hakuna aliyemshika. Nililiona hilo, nikaliogopa. Yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Hiyo nyumba uliyoiona," alisema. "Niambie."

Sikumwambia habari za kupona. Nilimwambia ninachokijua. Nilimwambia jiko lina moshi, ubaridi unapita chini ya mlango, mkuu wa nyumba anaimba vibaya na anatupiwa maganda. Kwamba maharage yao yanahitaji kitunguu zaidi. Kwamba kuna mmoja amerudi mara tatu na bado amepewa nafasi karibu na moto.

"Na mlango?" aliuliza. "Komeo liko upande gani?"

"Ndani, kaka. Nimelijaribu mwenyewe."

Alifumba macho. Nilisikia Mjomba nje akiwafukuza kuku. "Basi twende," Aroni akasema, "kabla sijabadilisha mawazo. Na huyo marehemu aje, sitaki kwenda na ninyi waongo peke yangu."

Ndivyo tulivyofika kwa Gwamaka jioni ile baada ya kupita hospitali, Noah nzima, kina mama, kitabu cha nyimbo, na Mjomba Yoramu amekaa mbele na kofia yake. Aroni alitembea toka garini mpaka mlangoni, na kusema kweli miguu aliiburuza. Gwamaka akamuuliza nani amemleta. "Nimekuja," Aroni akasema, "natoka msibani." Msiba wa nani? Aroni akamwonyesha Mjomba kwa kidole. Gwamaka alimtazama yule mzee, akanitazama mimi, na mimi nikatazama viazi.

Siwezi kusema mambo yalikwisha hapo. Septemba aliondoka. Hakuruka chochote, alifungua komeo akatoka, na nyumbani kwa siku kadhaa Shangazi aliacha simu mezani bila kuigusa. Ilipolia ilikuwa sauti ya Ihanda, kali kama kawaida. "Yuko kwangu. Anageuza kahawa. Ameniomba nimrudishe, na mimi nasubiri ikauke hii iliyopo kichanjani, ndiyo nimrudishe." Alimrudisha kweli, kwa pikipiki, na walimfungulia. Krismasi ile tulikwenda wote kule juu, nikiwa na vitunguu vyangu mwenyewe ndani ya mfuko, na Aroni alikuwa amenenepa usoni, anamenya viazi, anamfundisha mgeni mwenye blanketi jinsi ya kunitania. Shangazi alikaa nje kwenye benchi akatazama mashamba. "Nimechoka, Ene," aliniambia, "lakini ni uchovu wa kulala." Tangu hapo naujua uchovu huo. Nimeupata mara chache, na kila mara nimelala kama gogo.

Aroni alifika Ihanda siku ile ya msiba wa kweli. Ndevu zake zina mvi sasa, na alikuja na vijana wa gereji, kila mmoja na pikipiki yake, wamewasha taa mchana, msafara mzima. Nilidhani ataingia ndani kuaga. Aliteremka, akanipita, akaenda kwanza nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kahawa. Sikumfuata. Nilisikia reki ikikwaruza waya taratibu, kahawa ikigeuzwa upande wa pili, na kwa muda kidogo ningeweza kuapa ni mzee mwenyewe.

Aliporudi alikuwa amejifuta uso kwa mkono wenye vumbi la kahawa. Alitazama uwanja, na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wa Ihanda, wa Tunduma, wa Nakonde waliovuka alfajiri, kina mama na madebe yao, magari yamepangwa mpaka kwa jirani.

"Mmehakikisha?" aliniuliza.

"Tumehakikisha, kaka."

"Basi angeona watu hawa," alisema, "angefufuka tu ili atuhesabu." Akakunja mikono ya shati, akaenda kuwauliza wanaume sepetu iko wapi.